Kiwanda Hakikuchukii, Kinapiga Hesabu

Kuna malalamiko ambayo sasa ni kama wimbo wa taifa kwa kila kijana wa Nairobi mwenye brandi ya nguo: viwanda vya Kenya vinatudharau. Utayasikia kwenye podikasti, utayasoma chini ya picha za Instagram, utayapata kwenye yale maonyesho ya Jumapili ambapo vibanda ishirini vinauza mfuko mmoja wa kitambaa wenye maandishi tofauti. Ati ulienda Industrial Area na wazo lako, umevaa vizuri, wakakuuliza unataka vipande vingapi, ukasema 60, wakaangaliana. Ati ungekuwa Uturuki ungepewa chai na kiti. Ati ndiyo sababu nchi haisongi mbele.

Wimbo huu umenichosha. Mimi hula kwa kuandika. Wenye brandi hunilipa, wakikumbuka, niwaandikie hadithi ya kampuni na yale maneno mafupi ya chini ya picha. Kwa hivyo nimekaa kwenye meza zao nyingi, nimesoma oda zao, na mara kadhaa nimewasindikiza hadi getini kwa mwenye mashine. Na ninachosema hapa kitawaudhi baadhi ya wanaonilisha: mara nyingi kiwanda kikikataa kazi yako, kiko sawa. Anayekuumiza yuko mahali pengine kabisa.

Tupige hesabu. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usiogope, ni hesabu ya darasa la tano.

Unataka hudi 60. Rangi tatu: nyeusi, kijani, na ile ya maziwa ambayo kila mtu anaitaka mwaka huu. Saizi tano, kutoka S hadi XXL. Gawanya. Ni hudi nne kwa kila saizi ya kila rangi. Nne! Mkataji atakutandikia kitambaa mezani, na hata akiweka rangi zote tatu juu ya nyingine, atapata tabaka 12. Kisu chake cha umeme kinaweza kupita tabaka zaidi ya 30 kwa kazi ile ile, kwa dakika zile zile, kwa mshahara ule ule. Kwa hivyo kabla hata sindano haijagusa uzi, kila kipande chako kimeshabeba gharama ya kukata mara mbili na zaidi ya kipande cha mtu mwingine.

Sasa nenda kwenye laini ya kushona. Kiwandani hakuna mtu anayeshona hudi. Kuna anayeunga mabega, kuna anayeweka mikono, kuna wa kofia, wa mfuko wa mbele, wa upindo wa chini, wa kutoboa matundu ya kamba. Tuseme mashine 25 zimepangwa kwa mfuatano huo. Kuzipanga ni nusu siku. Ovaloki moja hula nyuzi nne au tano, na uzi lazima ufanane na kitambaa, kwa hivyo ukitoka nyeusi kwenda kijani, kila mashine inasimama, nyuzi zinatolewa, zingine zinapitishwa. Ukitoka kijani kwenda rangi ya maziwa, tena. Na mshonaji haizoei nguo mpya kwenye kipande cha kumi. Mikono yake inaanza kwenda yenyewe baada ya mia na kitu hivi. Wewe oda yako imeisha akiwa bado anajifunza. Watu 25 wamekaa, wanalipwa, umeme unawaka, na mwenye kiwanda amepata kazi ya asubuhi moja ambayo maandalizi yake yalikuwa marefu kuliko kazi yenyewe.

Kile kiwango cha chini unachokichukia, vipande 300 kwa rangi au 500 kwa mtindo, kimetoka hapo. Ni hesabu tu, wala hakuna mtu aliyekuwa anafikiria habari zako alipokiweka.

Na kitambaa nacho kina mambo yake. Fulana nzito ya hudi, gramu 300 kwa mita ya mraba, huuzwa kwa jora na kwa kilo. Jora la kilo 25 litakupa hudi kama 30, ukihesabu na vipande vinavyobaki sakafuni. Rangi tatu ni majora matatu, yaani kitambaa cha hudi 90, na wewe una wateja 60. Ukirudi baada ya miezi miwili kuongeza nyeusi, hiyo nyeusi ya pili si nyeusi ya kwanza. Imetiwa rangi kwenye pipa lingine. Weka mkono wa moja kwenye mwili wa nyingine, utaona juani.

Niliwahi kumsindikiza rafiki kwa karakana moja ya wastani nje kidogo ya Mombasa Road. Mama anayesimamia uzalishaji alitupokea vizuri, akatoa miwani, akaangalia simu ya rafiki yangu iliyojaa skrinshoti za Pinterest. Aliuliza maswali matatu. Kitambaa hiki uzito wake ni gani? Kikioshwa kinarudi kiasi gani? Patani iko wapi? Rafiki yangu akasema mtindo ni wa kulegea, wa mabega kushuka, kama ule wa kwenye picha. Mama akasema, "Mwanangu, hii ni picha. Mimi nitakata wapi?"

Hakuwa anamdharau. Alikuwa anamwuliza swali ambalo fundi wa mtaani huwa hatuulizi kwa sababu anajijibu mwenyewe, kisha tunamlaumu nguo ikitoka mbaya. Kiwanda hakiwezi kukisia. Kinahitaji patani iliyopanuliwa kwa kila saizi, karatasi ya vipimo inayosema kifua cha M ni inchi ngapi na kosa linalokubalika ni nusu inchi au robo, sampuli moja iliyoshonwa, ikaoshwa, ikavaliwa na mtu halisi, ikatiwa sahihi na pande zote mbili. Hiyo sampuli iliyotiwa sahihi ndiyo wakili wako. Bila hiyo, siku ya kuchukua mzigo mtabishana kuhusu "kulegea" maana yake nini, na wewe ndiye utakayeshindwa kwa sababu pesa zako zimeshaingia.

Lakini gharama ya patani na sampuli wasee hawataki kuisikia. Watalipa mpiga picha, watalipa modo, watakodi jumba la Karen kwa saa nne, halafu mkata patani anaambiwa afanye "kwa ajili ya kusapoti." Huyu ndiye mtu wa maana kuliko wote kwenye biashara yako. Mlipe wa kwanza.

Na kuna mbogi ingine ambayo ilikwepa shida hii yote: inanunua tishati tupu zilizoagizwa kutoka nje, inachapa nembo kifuani kwa mashine ya joto, inashona lebo ya "Imetengenezwa Kenya" shingoni. Sina ugomvi na uchapaji, ni kazi halali na ina ustadi wake. Ugomvi wangu ni lebo. Mshonaji wa Kenya hakuigusa hiyo nguo, na hao hao ndio wa kwanza kuandika kwamba viwanda vyetu vimelala.

Haya. Nimewachapa vijana wenzangu vya kutosha. Sasa tugeukie kwa anayestahili.

Mwaka 1990 Kenya ilipitisha sheria ya maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje, EPZ. Mwenye kiwanda ndani ya eneo hilo husamehewa kodi ya mapato ya kampuni miaka kumi ya kwanza, na malighafi zake huingia bila ushuru wa forodha wala VAT. Mwaka 2000 Marekani ikaleta AGOA, na nguo zikaanza kwenda kule bila ushuru, hata zikishonwa kwa kitambaa kilichotoka Asia. Athi River ikajaa. Levi's na Wrangler ni kati ya majina yaliyoshonwa kwenye viwanda vya nchi hii. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wamepata mshahara pale, na sitaudharau mshahara huo hata kama ni mdogo. Nina jamaa zangu waliosomeshwa nao.

Lakini angalia mlango umeelekea wapi. Chini ya taratibu za forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kiwanda cha EPZ hakiruhusiwi kuuza ndani ya soko letu zaidi ya asilimia 20 ya kile kinachotengeneza kwa mwaka, na hata hizo huhitaji kibali na hutozwa ushuru kama zimetoka nje. Yaani nguo iliyoshonwa Athi River, na mama anayelala Kitengela, ikivuka barabara kuja Nairobi inahesabika mgeni. Na jora lile lile la kitambaa: likienda EPZ linapita bandarini Mombasa bila kutozwa, likija kwa kijana anayetaka kushona hudi 60 za kuuza Kasarani, analipa ushuru wa forodha, analipa na VAT ya asilimia 16 juu yake, au analinunua Eastleigh kwa mtu aliyeshalipa hayo yote na kuweka faida yake. Halafu anaambiwa ashindane na hudi ya mitumba ya Gikomba ya shilingi mia tatu.

Hiyo ndiyo dharau. Imeandikwa kwenye sheria, kwa lugha ya adabu.

AGOA ilipofikia ukomo wake Septemba 2025, wakubwa walizungumza wiki nzima kuhusu soko la Marekani litaokolewaje. Sawa, ajira ni ajira. Sikusikia mtu akiuliza mbona mashine hizo zote, na mikono hiyo yote iliyofunzwa kwa miaka 25, haina njia rahisi ya kumshonea Mkenya suruali. Kila uchaguzi tunaahidiwa pamba itafufuka. Rivatex ya Eldoret ilifunguliwa upya 2019 kwa mbwembwe zote. Kitambaa bila ngazi ya kati ya kukishona hakimsaidii mtu.

Ngazi hiyo ya kati ndiyo tunayokosa. Juu kuna kiwanda cha mashine mia kadhaa kinachotaka oda ya maelfu. Chini kuna fundi mmoja, cherehani moja, anayekushonea nguo tano kwa wiki na ya sita inatoka tofauti. Katikati wapo watu wa mashine nane, kumi na tano, ishirini, na serikali huwaona tu siku ya kukusanya leseni. Nenda Uhuru Market pale Jogoo Road. Utakuta mwenye meza ya kukata anayekata kwa kodi, mwenye ovaloki anayelipwa kwa kipande, mwingine kazi yake ni matundu ya vifungo pekee kuanzia asubuhi hadi jioni. Hiyo ni laini ya kiwanda iliyotawanywa kwenye vyumba. Imekuwa ikishona sare za shule kwa miaka mingi, na sare ya shule ni nguo ngumu kuliko hudi yako. Jaribu kushona kola za shati mia mbili zinazofanana.

Mnapapita kwa sababu hapapigiki picha vizuri. Nisamehe, lakini ndiyo sababu. Mtasema ubora. Ubora unatoka kwenye ile karatasi ya vipimo, na kwenye wewe kwenda pale Jumanne na Alhamisi na futi mkononi, ukapima nguo moja katika kila kumi kazi ikiendelea, badala ya kufungua magunia Ijumaa usiku na kulia. Mtasema pia fundi ataiba mtindo. Buda, ni hudi.

Na wale 300 wa kiwanda, mbona kila mtu anataka kuwafikia peke yake? Mama zetu walinunua mashamba Ruai kwa chama, watu ishirini wakichanga kila mwezi. Brandi tano zenye hudi 60 kila moja ni hudi 300. Mkubaliane kitambaa kimoja, rangi moja, patani moja ya mwili. Kila mmoja aweke nembo yake, kamba yake, lebo yake. Mkataji anatandika mara moja. Nyuzi hazibadilishwi. Kitambaa kinanunuliwa majora kumi, na mwenye duka anateremsha bei mwenyewe bila kuombwa. Kiwanda ambacho kingewaangalia mmoja mmoja na kuangaliana, kitafungua kalenda.

Najua kundi moja linalojaribu hivi sasa, watu wanne, wamekwama kwenye mambo mawili. La kwanza ni rangi: watatu wanataka nyeusi, mmoja ameshaahidi wateja wake kijani. La pili ni zito zaidi, nani atashika nusu ya malipo inayotakiwa kabla ya kukata. Juzi niliwashauri waiandike kama chama chochote kinavyoandika: mweka hazina, sahihi tatu benki, faini kwa anayechelewa, na anayejitoa baada ya kitambaa kununuliwa anaacha sehemu yake ya jora. Wa kijani bado anafikiria.