Franga ya mawe inapita, haifike shuleni Kashuga

Baba ameshuka Rubaya ao Walikale kutafuta koltani na kasiteriti, mama amebaki Kashuga na watoto. Mwezi ukiisha, mtoto anarudi nyumbani na kikaratasi cha direkta: primu ya mwalimu. Familia ngapi zinazosoma ukurasa huu zinakijua kikaratasi hicho? Masomo ya msingi ni ya bure, Katiba inasema hivyo kwenye kifungu cha 43, na serikali ilianza kuitimiza mwezi wa 9 mwaka 2019. Lakini mwalimu ambaye jina lake haliko kwenye listingi ya Kinshasa hakuli Katiba. Analishwa na mzazi, na mzazi analishwa na shimo.

Kashuga iko kwenye barabara ya kutoka Mweso kwenda Kalembe na Pinga, pale Masisi inapokaribia Walikale. Vita imepita pale mara nyingi kuliko gari ya kutengeneza barabara. Kila mara watu wanapokimbia, madarasa ndiyo nyumba ya kwanza wanayopata. Kuni zikikosa, madawati yanaenda chini ya chungu. Hatumlaumu mama aliyepikia watoto wake na dawati. Tunauliza tu: nani analirudisha?

Wakaaji wanaomba serikali ya mahali iwasaidie: bati, madawati, dawa kwenye kituo cha afya, maji ya bomba. Jibu ambalo watu wamezoea kusikia ni moja: kasha haina kitu. Basi tuangalie hesabu hiyo pamoja.

Kashuga ni kijiji, na kijiji hakina bajeti yake. Gurupema nayo haina. Sheria ya tarehe 7/10/2008 inatoa bajeti kwa muji, komini, sekta na sheferi. Kwa hiyo mlango wa kupiga hodi ni sheferi ya Bashali. Sheferi nayo inapashwa kula wapi? Katiba, kifungu cha 175, inasema 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na jimbo lijikatie palepale bila kungojea. Halafu sheria ile ya 2008 inaongeza: katika fungu hilo la jimbo, 40% ishuke kwa miji, komini, sekta na sheferi. Tuhesabu kwa vidole: juu ya franga 100, 40 zinabaki jimboni, na katika zile 40, 16 zinashuka chini. Kumi na sita! Lakini tangu mwanzo Kinshasa inachukua yote, kisha inarudisha kidogo, siku inayopenda. Kwa hiyo mukubwa wa sheferi anaposema kasha haina kitu, pengine hasemi uongo. Ila hajasema yote, sababu sheferi ina pia kodi zake yenyewe: za soko, za barabarani, za mifugo. Hizo Kinshasa haizigusi. Bajeti ya hizo imebandikwa ukuta gani?

Upande wa mawe, sheria ya migodi ya mwaka 2018 ilitupatia furaha kidogo. Kampuni yenye ruhusa ya kuchimba inalipa redevansi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa sekta ao sheferi ya pale mgodi ulipo, 10% kwa mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Tena kampuni inaweka pembeni angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka juu ya maendeleo ya vijiji vya jirani. Kule Bisie, Walikale, Alphamin ilitoa zaidi ya tani 17.000 za bati katika mwaka 2024. Fungu lile la 15% linabaki Walikale, na ni haki. Lakini Kashuga haipati kitu moja kwa moja, hata kama vijana wake wanajaa kwenye mashimo ya wengine. Jasho linaanguka huko, watoto wanasomea huku. Kinachoweza kuwafikia ni ile 25% ya jimbo, na ndiyo maana jimbo lazima liulizwe.

Jimbo gani sasa? Goma iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, gavana wa serikali anakaa Beni. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwishoni mwa 2024 kwamba M23 ilikuwa inaokota angalau dola 800.000 kila mwezi juu ya koltani ya Rubaya. Na mbele yao kulikuwa makundi mengine na vizuizi vingine. Mchimbaji amelipa kila bendera. Kuhusu kutuma mjumbe, tusidanganyane: Masisi haikupiga kura Desemba 2023, na bunge la jimbo limefungwa kinywa tangu utawala wa kijeshi wa Mei 2021.

Wengine wanasema basi tungojee amani. Sisi hatukubali. Kodi haikungojea amani, na mtoto wa miaka saba hawezi kungojea: atakuwa na kumi na mbili, atashika beleshi. Tumeshamwona huyo mtoto kwenye mashimo.

Ndugu wachimbaji, anzeni na risiti. Anayekukata franga njiani ao kwenye koperative, mwombe karatasi yenye jina la kodi na jina la kasha inayopokea. Moja haina nguvu, mia mbili zikiwekwa pamoja ni hesabu ambayo sheferi itashindwa kuikana. Na komite ya wazazi iombe kitu kimoja kwa jina lake, si «maendeleo»: bati ngapi, mbao ngapi, mwalimu nani hajalipwa na tangu lini. Barua ipelekwe kwa sheferi, kopi kwa msimamizi wa teritwari, kopi nyingine ibaki kwa wazazi ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, kesho wataambiwa haikufika.

Shule zinafungua mwezi wa tisa. Madawati yaliyobaki yahesabiwe mbele ya hapo, darasa kwa darasa, na hesabu iingie ndani ya barua.