Kibali nafuu cha gorila kinahitaji kitanda nafuu

Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Cyanika kwenda Kisoro huwa na mlima Muhabura ubavuni. Anayetokea Bunagana huuona Sabinyo. Kwenye miteremko ya milima hiyo wanaishi gorila ambao watu hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kuwatazama kwa saa moja tu. Lakini yule anayepita hapo kila wiki na magunia ya viazi au marobota ya vitenge hajawahi kuwaona, na akiulizwa atasema hayo ni mambo ya Wazungu.

Kwa bei ya kibali, jibu hilo halina nguvu tena. Tangu Julai 2024, Uganda inamtoza mgeni wa ng'ambo dola 800 kwenda kuwaona gorila, lakini raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda, yaani kama sehemu moja ya kumi. Mkongomani naye yumo, kwa kuwa nchi yake ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Si fedha kidogo kwa mchuuzi, lakini si fedha za ndoto.

Kikwazo kiko kwingine. Wageni hutakiwa kufika kwenye lango la hifadhi asubuhi, wapewe maelezo na kupangwa katika makundi ya watu wasiozidi wanane. Barabara za huko ni za milima na vumbi, na mvua ikinyesha ni tope. Hakuna namna ila kulala jirani usiku wa kuamkia siku hiyo, na mara nyingi usiku unaofuata pia, maana kutembea msituni kunaweza kuchukua nusu siku au zaidi. Baadhi ya hoteli za kifahari zinazozunguka misitu hiyo hutoza mamia ya dola kwa usiku mmoja. Nafuu ya kibali inamezwa na kitanda.

Ndiyo maana kambi zinazoendeshwa na wanavijiji zina uzito kuliko udogo wake. Karibu na lango la Ntebeko la Hifadhi ya Mgahinga, kilomita chache kutoka mji wa Kisoro, kuna kambi ya Amajambere Iwacu. Wanaosema Kinyarwanda na Kifumbira hawahitaji mkalimani: ni maendeleo ya kwetu. Huko Buhoma, upande wa kaskazini wa msitu wa Bwindi, chama cha wanavijiji kinaendesha kambi yenye vibanda na mahema, na faida yake imesaidia miradi ya jamii kama shule. Bei katika kambi za aina hii ni sehemu ndogo ya zile za hoteli kubwa.

Tofauti haiko kwenye bei peke yake. Katika kila kibali cha gorila, dola 10 hutengwa kwa ajili ya jamii zinazopakana na hifadhi, pamoja na asilimia 20 ya ada za kuingia. Dola 10 kati ya 800! Watu hawa ndio walioacha kukata kuni, kuvuna asali na kuwinda msitu ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na Batwa walipoteza makazi yenyewe. Kitanda cha kijiji hulipa mpishi, mfuaji na mlinzi wa hapo hapo, na kinachobaki huamuliwa na mkutano wa kijiji.

Mwaka 2020 ulionyesha hatari ya kumtegemea mgeni wa mbali peke yake. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulisimamisha utalii wa gorila kuanzia Machi, na mapato yakakauka. Juni mwaka huo Rafiki, dume aliyeongoza kundi la Nkuringo huko Bwindi, aliuawa kwa silaha ya mwindaji aliyeingia msituni kutafuta nyama. Ilitokea tena kwa namna nyingine Juni 2022, waasi wa M23 walipouteka mji wa Bunagana: mgeni wa ng'ambo akisikia jina hilo kwenye taarifa ya habari hughairi safari. Mwenyeji wa ukanda huu anajua ni njia ipi iko salama na ipi si salama. Atachelewa wiki mbili, kisha atakuja.

Kwa mfanyabiashara, kambi hizi ni soko pia. Kambi inahitaji mchele, sabuni, mashuka, blanketi za kutosha kwa baridi ya milimani na taa. Hoteli kubwa huagiza kwa mkupuo kutoka Kampala. Kambi ya kijiji haina uwezo huo, hununua kidogo kidogo, na ndipo mchuuzi anayeweza kuleta mzigo mdogo kwa wakati anapopata nafasi. Bidhaa za asili ya Jumuiya zisizozidi dola 2,000 hupita mpakani kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa, bila kupitia taratibu ndefu za forodha. Wanaouza blanketi Kisoro wangeanza na kambi zilizo mlangoni pao.

Kamati za kambi nazo zina kazi. Zibandike hesabu ukutani, mahali ambapo hata mwanakijiji asiye na mtoto kwenye kamati anaweza kuzisoma. Bei ziandikwe kwa shilingi, si kwa dola peke yake, na kwa Kiswahili pia. Muuzaji alipwe kwa tarehe waliyokubaliana. Na unafuu usiwe kisingizio cha shuka chafu. Mfanyabiashara amelala katika gesti nyingi za mpakani, hadanganyiki.

Mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, inapomuuzia raia wa Jumuiya kibali cha 300,000, ingemwonyesha papo hapo orodha ya kambi za vijiji zilizo karibu na lango aliloandikiwa. Ni kazi ya karatasi moja. Rwanda, yenye gorila upande wa pili wa milima ile ile, ingefanya vivyo hivyo kwa nyumba za wageni za vijiji vya Kinigi. Kundi la Nyakagezi la Mgahinga limewahi kuvuka kwenda na kurudi bila kugongewa muhuri.

Mahali pa kuanzia ni Aprili, Mei na Novemba. Miezi hiyo ya mvua wageni wa ng'ambo hupungua, vibali hupatikana kwa urahisi na vitanda vya kambi hukaa vitupu, huku soko la Kisoro likiendelea na wachuuzi wakishuka humo na mizigo yao. Kamati itakayotangaza bei ya mvua sokoni hapo, kwa kipaza sauti, haitahitaji wakala wa utalii.