Mbwa wa Staa na Mapupu Mabichi: Hapo Hapana!

Kuna staa mmoja hapa mjini kaposti mbwa wake akitafuna mapupu mabichi ya ng'ombe, dakika hiyo hiyo anamlamba mtoto usoni. Komenti zikajaa makopa. Wanaomtetea wanasema mbwa asili yake ni mbwa mwitu, chakula cha kupikwa cha nini? Sawa, ila mbwa mwitu halali kwenye sofa la mtu.

Nyama mbichi hubeba bakteria wa salmonela, na friza haiwaui, inawalaza tu. Mbwa anaweza asiumwe kabisa, akaumwa mtoto. Mapupu na maini mabichi ndiyo balaa zaidi: yakiwa na vifuko vya minyoo, mbwa anaipata, mayai yake yanatoka na kinyesi, binadamu akiyameza anaota uvimbe kwenye ini. Kule Turkana wanaujua vizuri ugonjwa huo.

Afadhali yule dada wa Bongo Movie anayempikia wake wali kuku. Ila dada, kitunguu kinaonekana kabisa kwenye sufuria, na kwa mbwa kitunguu ni sumu! Mifupa iliyopikwa nayo itolewe, inapasuka vipande vyenye ncha. Na kwa mbwa mdogo, wali kuku mtupu kila siku hauna kalsiamu ya kutosha; hapo aulizwe daktari wa mifugo, siyo mashabiki.