Mwenye Kelele Ana Neno

Ndugu Wanachama,

Wahenga walisema mwenye kelele hana neno. Mimi nimekuja kuona kuwa kwa gari mambo ni kinyume: mwenye kelele ana neno, na asiyetaka kulisikiliza hulipa. Msimu uliopita nililipa mimi. Na kwa kuwa wengi wetu twategemea pikapu kuchukua karafuu mbichi kutoka mashambani hadi kwenye majamvi, naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nieleze yaliyonifika.

Pikapu yangu ni ya gia za mkono, nayo huvuta kwa magurudumu ya nyuma. Siku moja ya uchumaji mkubwa ilianza kuvuma kwa chini, mvumo kama wa nyuki mzingani, ukipanda kila mwendo ulipopanda. Fundi niliyempelekea aliiendesha hatua chache tu, akasema, "Giaboksi imekufa, Bwana." Sikumwuliza amejuaje. Ikashushwa, ikafunguliwa, nikanunua beringi mpya, ikarudishwa. Siku mbili zikapita. Huko shambani karafuu zimo magunini zangojea gari, na kila mkulima ajua karafuu mbichi iliyorundikwa huwaje: hupata joto, ikachacha, na hata ikianikwa haitoki tena na rangi yake. Niliporudishiwa gari, mvumo ulikuwa ule ule.

Hapo ndipo mzee mmoja jirani yangu, aliyeendesha gari za abiria miaka mingi, alipopanda kando yangu. Tulipofika mahali tambarare pasipo watu akasema, "Mwanangu, toa gia, iache iende yenyewe." Nikatoa. Injini ikatulia, mvumo ukabaki. Kwenye kona ya kulia ulizidi. Kwenye kona ya kushoto ukapungua. Akanieleza kuwa gari ikikata kulia, uzito hulalia magurudumu ya kushoto. Tulirudi nyumbani, tukaiinua kwa jeki na kuitegea vizuri, na gurudumu la nyuma la kushoto lilipotikiswa likacheza. Ilikuwa beringi ya gurudumu, kazi ya asubuhi moja.

Basi shauri langu ni hili: mwanachama asikubali giaboksi yake ishushwe mpaka gari kwanza imeulizwa maswali. Maswali yenyewe si mengi, wala hayataki spana.

Kwanza, gari isimame, injini iwake, gia iwe fri. Sikiliza mguu ukiwa juu ya sakafu, kisha kanyaga klachi mpaka chini. Ikiwa sauti ilikuwapo na sasa imenyamaza, shaka iko ndani ya giaboksi, na mara nyingi ni beringi ya shafti inayopokea nguvu za injini. Ikiwa haikuwapo na sasa imekuja, itazame beringi ya klachi.

Pili, endesha gia moja baada ya nyengine. Sauti ikitoka katika gia moja tu, meno ya gia hiyo yana neno. Ikitoka katika gia zote isipokuwa ya 4, hiyo ni khabari kubwa. Katika pikapu nyingi za namna hii gia ya 4 hupitisha nguvu moja kwa moja, bila ya kuipa mzigo shafti ya chini. Kwa hivyo sauti inayonyamaza hapo yaonyesha kuwa shafti ya chini au beringi zake zimechoka.

Tatu, fanya kama alivyonifanyisha yule mzee, lakini katika njia tambarare iliyo tupu, wala si kwenye mteremko. Sauti ikiendelea hali gia imetolewa, na ikafuata mwendo wa magurudumu, anza kutafuta nyuma ya giaboksi: propela, difu, beringi za magurudumu, hata mipira yenye meno makubwa. Beringi ya mwisho ya giaboksi nayo yaweza kulia hivyo, lakini hiyo haijali kona.

Nne, usikilize mguu wa mafuta. Mlio mwembamba unaopanda ukikanyaga na kugeuka ukiachia, kwa kawaida ni wa difu. Na kishindo kimoja, "ko!", unapoondoka au unapotoka gia ya mbele kwenda rivasi, mara nyingi ni krosi za propela zilizolegea.

Kabla ya yote hayo, tazama oili ya giaboksi na ya difu. Chafu kidogo iliyo laini kama unga kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni uchakavu wa kila siku. Vipande vya chuma si vya kila siku. Ukiviona, hapo fundi na afungue.

Najua watakaosema, "Mimi mkulima, kazi yangu karafuu, fundi namlipa ajue yeye." Neno hilo lina haki yake, wala simtukani fundi, bila ya mafundi tungekuwa tunabeba magunia kichwani. Lakini hata daktari humwuliza mgonjwa panapomwuma. Gari haina ulimi. Wa kuisemea ni yule anayekaa ndani yake kila siku. Ukimwambia fundi "inalia" tu, umemwachia kubahatisha, na ubahatishaji wake utaulipia wewe.

Na hapa nina jambo la kuungama. Aliyekaa ndani ya gari yangu kila siku si mimi, ni dereva wangu. Baadaye aliniambia kuwa mvumo ule aliusikia wiki mbili kabla yangu. Nilipomwuliza kwa nini alinyamaza, alitazama chini. Nikakumbuka: mwezi uliotangulia klachi iliisha, naye alipokuja kunipa khabari nilimkata katika mshahara wake bila ya kuuliza lolote. Nilimfundisha mwenyewe kunyamaza, na funzo hilo alilishika vyema. Hasara ya msimu wangu haikuanza kwa fundi, ilianza kwangu.

Kwa hivyo nawaomba wenzangu mambo mawili. La kwanza, dereva atakayeleta khabari ya sauti mpya ashukuriwe siku hiyo hiyo, na kama kuna kosa, litazamwe baadaye kwa haki. La pili naiomba Kamati yetu: kabla ya uchumaji kuanza, kila tawi liweke alasiri moja, wanachama walete gari zao na madereva wao, tutazame oili na tuzisikilize pamoja. Fundi mmoja mzuri na mzee mmoja mwenye masikio watatosha.

Miezi ya uchumaji haitungoji, na karafuu ikishakomaa mtini haitaki udhuru. Tusikilize sasa, wakati neno lingali dogo. Dereva wangu bado ninaye, namshukuru. Juzi alikuja akasema, "Bwana, nasikia kitu mbele." Niliacha chai yangu, nikatoka naye.

Ndimi mwanachama mwenzenu,
Mkulima wa Wete