Nyumba isichukuliwe kwa karatasi moja tu

Katika kartie nyingi za Bukavu, Uvira, Beni na Goma, mutu akikosa feza za hospitali ao za masomo ya watoto anakimbilia kwa banki Lambert. Anaacha pale fishi ya parisela yake, anapokea dola, na mara nyingine anatia sahihi kwenye karatasi ambayo hakuisoma vizuri. Siku ya kulipa ikipita, anagundua kwamba karatasi ile haisemi mukopo. Inasema aliuza nyumba.

Je, hakuna sheria? Iko. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2012, Kongo ni memba wa OHADA, na kanuni zake juu ya kukamata nyumba ni kali. Mudai lazima awe na hati yenye nguvu, kama hukumu ya tribinali. Huisie lazima apeleke amri ya kulipa kwa mwenye deni, amri hiyo iandikwe katika ofisi ya viwanja, na nyumba iuzwe kwa munada wa wazi. Mukopeshaji hawezi kupatana na mutu kwamba nyumba anamoishi itakuwa yake deni lisipolipwa. Sheria ya familia nayo inadai bibi na bwana wakubali wote wawili kabla nyumba haijawekwa rehani.

Shida ni kwamba rehani ya sheria inasimama juu ya sertifika, karatasi ambayo sheria ya udongo ya 1973 inaitambua kuwa ushuhuda wa haki. Familia nyingi hazina sertifika. Ziko na fishi tu, ao karatasi ya kununulia iliyotiwa sahihi mbele ya chifu wa kartie. Basi wale wanaohitaji ulinzi zaidi ndio wanaobaki inje, na wakopeshaji wabaya wanalijua jambo hilo.

Wengine watasema kuongeza makaratasi ni kuchelewesha malipo, na mukopeshaji akiogopa hatakopesha tena. Neno hilo lina uzito, maana naye ana haki ya kulipwa. Lakini Marekani ilionyesha bei ya haraka. Mwaka 2010 ilijulikana kwamba watumishi wa mabanki makubwa walitia sahihi maelfu ya makaratasi ya kukamata nyumba bila kuyasoma. Mwaka 2012, mabanki matano yalikubali mapatano ya dola miliari 25 na majimbo 49, na California ikapitisha sheria mupya ya kulinda wenye nyumba.

Wabunge wetu wana kazi ya wazi. Karatasi ya mauzo inayoficha mukopo isiwe na nguvu yoyote. Deni, faida na tarehe ya kulipa viandikwe kwa lugha ambayo mukopaji anasikia, Kiswahili ikiwemo, na nakala ibaki mikononi mwake. Tena familia isifukuzwe bila huisie na hukumu, hata kama parisela haina sertifika.

Kwa kungojea, kila familia ijichunge: bibi na bwana wasome pamoja, waombe nakala, na neno "kuuza" likionekana kwenye karatasi ya mukopo, wasitie sahihi. Anayekopa ana deni la kulipa. Hajauza nyumba yake.