Ada Ilipwe kwa Simu, Hesabu Ibandikwe Bandarini

Mimi ni mchuuzi wa kamba hapa Kizingitini, kaunti ya Lamu. Wavuvi wakirudi kutoka mwambani nawapimia kwenye mizani, nawalipa kwa M-Pesa papo hapo, na ujumbe unaingia kamba bado anapiga mkia. Jina, kiasi, saa, vyote vimeandikwa. Ndivyo tunavyouziana, wazee kwa vijana. Kwa hivyo sikubali kuambiwa kwamba watu wa visiwani hatuko tayari kulipa ada za kaunti kwa simu.

Risiti ya karatasi haidumu huku. Ikilowa maji ya chumvi mfukoni, wino unatoka, na mkusanyaji wa kesho hana habari na malipo ya jana. Ukiitwa Amu, mjini Lamu, kwa shughuli ya leseni, unangoja maji, maana yakipwa mlango-bahari wa Mkanda haupitiki. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na duka limefungwa. Wakati wa kusi ndiyo taabu kabisa: bahari imechafuka na mapato yamepungua.

Lakini pesa ikiondoka Kizingitini kwa kasi zaidi nasi tusijue ni ngapi, tutakuwa tumerahisishiwa kutoa tu. Nataka hesabu ya kila mwezi ibandikwe bandarini: ada ya samaki kiasi gani, leseni za maduka kiasi gani. Iwe ya bandari yetu peke yake, isichanganywe na ya wadi nzima ya Faza. Hilo ni haki yetu; kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinadai uwazi katika fedha za umma. Tena BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe, tangu kanuni za 2007 vina kazi ya kuweka takwimu za samaki wanaoteremshwa. Weka karatasi hizo mbili pamoja, kilo kwa ada, na kijana yeyote wa darasa la saba ataona kama kuna pengo.

Kaunti ya Nairobi ilianza kupokea ada kwa simu mwaka 2014 kupitia kampuni binafsi. Mkataba ulipokoma 2019, ikabidi itafutwe njia nyingine. Ili kampuni ikiondoka isiondoke na hesabu zetu, kila mkataba wa Lamu useme wazi kwamba kumbukumbu za malipo ni mali ya kaunti.

Na mwenye simu ndogo isiyo na intaneti naye aweze kulipa. Mtandao ukikatika, mvuvi asizuiliwe samaki wake juani. Aandikwe jina, alipe jioni.