Gari la kuunganisha nyumbani lina umri gani?

Mwananchi anayerejea kutoka ng'ambo ana haki ya kurudi na gari lake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa msamaha wa ushuru kwa gari moja, mradi awe amelimiliki na kulitumia huko kwa miezi 12 au zaidi. Lakini msamaha wa ushuru ni jambo moja na umri wa gari ni jingine. Hapo ndipo wengi hunasa.

Mwaka 2018 Bunge la Uganda lilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Tunaiunga mkono hatua hiyo; wakazi wa Kampala wamevuta moshi wa kutosha.

Hata hivyo, kuna gari lisiloweza kujibu swali la umri kwa neno moja. Ni lile linalouzwa vipande vipande, mwenyewe akaliunganisha nyumbani. Huko Uingereza yapo mengi: bodi ya faibaglasi iliyoiga AC Cobra ya miaka ya 1960, injini na ekseli za Ford Sierra ya miaka ya 1980, na kadi iliyotolewa, tuseme, mwaka 2015. Waingereza wenyewe, umri wake usipothibitika, hulipa namba inayoanza na herufi Q. Je, ofisa wetu wa forodha aanzie kuhesabu wapi?

Thamani nayo ni utata. Cobra ya kwanza ya Carroll Shelby iliuzwa mnadani mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75. Gari la kuiga halifikii hata chembe ya bei hiyo, lakini mfanyabiashara asiye na msamaha ataumia ofisa akikadiria kodi kwa kutazama umbo.

Wapo wanaonong'ona pale Mutukula kwamba dawa ni kuliandikisha Tanzania, ambako gari kuukuu halizuiwi bali hutozwa zaidi, kisha kulivusha. (Kenya hawaitaji, kwa kuwa kikomo chake ni miaka 8.) Huo ni mtego. Gari lenye namba za kigeni huruhusiwa kwa muda tu. Likibaki linadaiwa kodi, na swali la umri linarudi palepale.

Tunazitaka Mamlaka ya Mapato na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi zitoe mwongozo wa maandishi kuhusu magari haya. Maoni yetu ni kwamba umri uhesabiwe kwa chasisi, maana ndiyo yenye namba, na injini ipimwe moshi peke yake.

Kabla mwongozo huo haujatoka, anayerejea asilipie meli kwa ahadi ya wakala kwenye simu. Atume kwanza picha ya namba ya chasisi, kadi na risiti za vipuri, adai jibu la maandishi. Gari likishafika Mombasa, gharama za kulihifadhi huhesabiwa kila siku.